Seeman wa Tamil Nadu: kutetea watu wako ni lazima uanze kuuliza babu wa jirani alitoka wapi?

Mleta mada

Wakuu, kuna mwanasiasa wa kusini mwa India nimekuwa namfatilia muda sasa, anaitwa Seeman. Kila nikitaka kumkubali anaropoka kitu kinanikera, na kila nikimchoka anaongea jambo la maana, sasa nimeona nilete hapa tugawane mzigo.

Kwa wasiomjua, huyu alikuwa dairekta wa filamu kule Chennai. Panchalankurichi ilitoka 1996, afu iliyomtambulisha zaidi ni Thambi ya 2006 aliyocheza Madhavan. Ila wakati huohuo alishaanza kupanda majukwaani kuongelea Watamil wa Sri Lanka, maana vita ya serikali na waasi wa Kitamil, Tamil Tigers, ilikuwa inaelekea ukingoni, na 2008 akakamatwa kwa hotuba aliyotoa Rameswaram, mji ambao Sri Lanka iko ng'ambo ya maji tu. Mei 2009 vita ikaisha, Prabhakaran kiongozi wa Tigers akauawa, na jopo la wataalamu wa UN likaja kusema raia waliokufa miezi ile ya mwisho huenda walifika 40,000. Mwaka mmoja baadae, Mei 2010, Seeman akazindua chama, Naam Tamilar Katchi, jina alilolirithi kwa chama cha zamani cha Adithanar cha mwaka 1958. Bendera ina chui milia, na kila mtu anajua ule mnyama unamkumbusha nani.

Mtu wa sinema kuingia siasa kule sio habari. Annadurai na Karunanidhi walikuwa waandishi wa filamu, MGR na Jayalalithaa waigizaji, yaani kuanzia 1967 mpaka Jayalalithaa anafariki 2016 kiti cha waziri kiongozi wa jimbo kimekaliwa na watu wa sinema karibu muda wote. Tofauti ya Seeman ni kwamba wenzake wote walikula kwenye chungu kimoja, chungu cha Udravidi. Ile siasa ya mzee Periyar ya kupinga matabaka na kupinga Kihindi kisishushwe kwa nguvu kutoka Delhi, ambayo inawaweka watu wa kusini wote kwenye familia moja, Mtamil, Mtelugu, Mkannada, Mmalayali. Seeman anasema hiyo familia ndo imemfanya Mtamil awe mpangaji kwenye nyumba yake. Anakwambia MGR alizaliwa Kandy kwenye familia ya Kimalayali, Periyar nyumbani kwao walikuwa wanaongea Kikannada, je Mtamil atatawala lini kwao? Na cha ajabu yeye mwenyewe zamani alikuwa mfuasi wa Periyar kindakindaki, mpaka Januari 2025 alipomshambulia mzee hadharani na kesi zikafunguliwa kila kona ya jimbo.

Sasa ninachomkubalia. Jamaa hanunuliki, au niseme mpaka sasa hajauzika. 2016 alipata kama asilimia 1 ya kura, 2019 karibu 4, 2021 sita na ushee, 2024 nane na ushee, na hadi hapo hajapata kiti hata kimoja. Ukizingatia kule mfumo ni kama wetu, wa kwanza kwenye jimbo la uchaguzi anabeba kila kitu, mwingine angeshaenda kuunga mkono juhudi zamani sana akapewa viti vyake vitano akatulia. Yeye anasimama peke yake tu. 2021 alisimamisha wagombea 234, nusu kamili wanawake, 117. Hao kina DMK, chama kikubwa cha Udravidi, wanaojiita watetezi wa wanawake miaka yote hawajawahi kufanya hivyo.

Ninachomkatalia ni hesabu ya ukoo. Februari 2023 kwenye kampeni za Erode Mashariki akasema Waarunthathiyar ni watu walioletwa zamani kutoka upande wa Andhra waje kufanya usafi. Hawa ni Dalit, wengi wao hadi leo ndo wanaozibua mitaro ya mji, na wengi nyumbani wanaongea Kitelugu. Mtu wa chini kuliko wote kwenye jimbo zima, na wewe unaemtetea mnyonge unachagua kumkumbusha kwamba hapa sio kwao! Kesi ikafunguliwa, ila mi kesi hainihusu. Kinachonihusu ni kwamba Watamil wenyewe walishachinjwa na kisu hichohicho. 1948, Sri Lanka ikiwa bado inaitwa Ceylon na uhuru haujamaliza mwaka, bunge likapitisha sheria ya uraia inayomtaka mtu athibitishe baba yake alizaliwa kule. Watamil wa mashamba ya chai, ambao Waingereza waliwatoa India kuja kuchuma, vyeti wangetoa wapi? Watu kama laki saba wakabaki bila nchi kwa kiharusi kimoja cha kalamu.

Swali langu ndo hilo. Mtu anaejua historia hiyo neno kwa neno na kuililia jukwaani anapataje ujasiri wa kumuuliza jirani babu yako alitoka wapi?

Kobe wa Pangani

Mleta mada umeandika vizuri ila umemtazama kwa miwani ya Delhi. Watamil wako zaidi ya milioni 60 kwenye hilo jimbo peke yake na hawana nchi, sehemu pekee duniani wanapoweza kujiamulia lugha ya shule na ya ofisi ni hapo Tamil Nadu, na hata hapo wameipigania kwa damu, 1965 vijana walijichoma moto kupinga Kihindi. Leo Mgujarati akisema Gujarat ya Wagujarati mnaita maendeleo, Mtamil akisema mnaita ubaguzi. Seeman hajasema Mtelugu afukuzwe, amesema aishi, afanye biashara, ila kutawala aachiwe mwenye nyumba. Kuna nchi ngapi Afrika zina sheria kwamba rais lazima awe mzawa? Mbona hatupigi kelele?

Afu hapo kwenye mazingira ndo mmemruka kabisa. Nani mwingine anaongelea mchanga unaochimbwa mitoni usiku, mashamba yanayochukuliwa kujenga uwanja wa ndege Parandur, wavuvi wanaokamatwa na jeshi la maji la Sri Lanka kila siku tangu Delhi iachie kisiwa cha Kachchatheevu 1974 bila kuwauliza? Vyama vikubwa vinaongea hayo vikiwa upinzani tu, vikiingia madarakani vinapata usingizi.

Fundi AC Muscat

Salaam wakuu. Mimi huku Oman nafanya kazi na Watamil wa pande zote mbili, tunakaa nao kambi moja, wengi kunizidi umri, ngoja niwape ya huku.

Wale wa India vijana wana Seeman kwenye simu asubuhi mpaka jioni, wanamwita annan, yaani kaka mkubwa, na yeye akihutubia anawaita wadogo zangu. Jamaa anajua kuongea bwana, mi Kitamil naokoteza tu ila akianza na ile ngumi juu huwezi kuondoka. Sasa yuko mzee mmoja wa Batticaloa, Sri Lanka, ndugu zake wamekufa vitani, yeye video zikianza anatoka nje kuvuta sigara. Nikamuuliza siku moja, akasema hao wanapiga kelele wakiwa ng'ambo ya bahari, maaskari wanakuja kutuuliza sisi.

Na kuna wa tatu mmemsahau. Muislamu wa Jaffna. Lugha yake ya mama ni Kitamil, hana nyingine. Oktoba 1990 Tigers waliwapa Waislamu wa Jaffna mjini masaa mawili waondoke, kaskazini nzima wakatolewa watu zaidi ya 70,000, mali zikabaki hukohuko. Na miezi miwili kabla, Agosti, wamepigwa risasi wakiwa kwenye swala Kattankudy. Sasa mtu anaepeperusha picha ya Prabhakaran kila mkutano na kusema Mtamil ni yeyote ambaye lugha ya mama yake ni Kitamil, ndugu Kobe, huyo Muislamu alikuwa nani siku ile?

Mwana wa Mtwapa

Mwamjadili huyu na hamjataja lile tukio la tembo, ile pombe ya kugema! Juni 2025 kapanda mti wa mvumo kule Thoothukudi mbele ya watu, kashuka na tembo, kwa kuwa kugema tembo kwao ni marufuku tangu enzi za MGR ilhali serikali yenyewe ina maduka yake ya pombe kali, TASMAC, kila mtaa. Hapo mimi nampa kura yangu bwana. Mgema anafungwa, mwenye kiwanda cha brandi anapewa leseni, wapi hiyo! Sisi watu wa pwani jambo hili twalielewa bila mkalimani. Lakini nacheka pia, kwa kuwa wagema tuliowazoea wakisifiwa hutia maji, huyu kasifiwa mpaka kapanda juu mwenyewe.

Kuhusu uzawa, mleta mada ana haki. Hapa Kwale tulikuwa na Wamakonde, wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi mashambani, wakakaa miaka na miaka bila kitambulisho, mpaka wakatembea kwa miguu kwenda Nairobi 2016 ndipo wakatambuliwa kabila la 43. Mtoto azaliwe hapa, azikwe hapa, na asiwe wa hapa? Hao Watelugu wa Tamil Nadu wengine waliingia enzi za dola ya Vijayanagara, miaka mia tano iliyopita. Wangoje mpaka lini?

Zeruzeru la Siasa

Nyie mnajadili falsafa, mi naona muvi. Dairekta ni dairekta tu. Kesho anapanda mti, keshokutwa Julai anaitisha mkutano Madurai anahutubia ng'ombe na mbuzi (sio utani, ng'ombe kabisa), hizo zote ni kiki. Hata hiyo safari yake ya 2008 kwenda kuonana na Prabhakaran, ambayo ndo mtaji wake wote, kila mwaka inaongezeka urefu, mara walikula nini, mara alifundishwa nini, mpaka wapinzani wanabisha hata picha waliyopiga pamoja. Mi siamui nani mkweli, ila chama kizima kusimama juu ya hadithi ambayo shahidi wake mkuu ni marehemu, hapana.

Na hiyo hoja ya wanawake 117 ni nzuri kwenye karatasi. Wangapi wameshinda? Ni rahisi kugawa tiketi za basi ambalo haliondoki stendi. Kaliyammal alikuwa sura inayojulikana kuliko zote za kike kwenye chama, Februari 2025 kaondoka. Na mwezi huohuo uchaguzi mdogo wa Erode Mashariki, AIADMK (chama cha MGR na Jayalalithaa) wamesusia, BJP (chama tawala cha Delhi) wamesusia, kabaki yeye na DMK tu uwanjani, na bado kapigwa kwa mbali sana. Sa hivi Vijay nae kaingia na chama chake tangu 2024, mwigizaji ana mashabiki kuliko dairekta siku zote, vijana ni walewale. Tutaona hizo asilimia 8 zitaenda wapi.

Mleta mada

Zeruzeru kwenye kiki nakubali nusu. Mkutano wa ng'ombe ulinichekesha na mimi, ila madai yalikuwa ni malisho, wafugaji wanafukuzwa misituni, na bila hicho kituko wewe na mimi tungejulia wapi? Mtu ambaye TV nyingi kubwa za jimbo zina ukoo na vyama vikubwa atafanyaje. Kwenye hili simlaumu hata kidogo.

Kobe, hoja yako ya rais mzawa nimeitafakari na naona haikai. Rais mzawa maana yake kazaliwa nchini. Hao Seeman anaowasema wamezaliwa Tamil Nadu, na baba zao, na babu wa babu zao. Sensa ya 2011 waliosema lugha yao ni Kitelugu walikaribia asilimia 6 ya jimbo, ni mamilioni ya watu, na wengi wanaandika Kitamil bora kuliko hicho cha kwenye matangazo ya sabuni. Ukisema aishi ila asitawale umeshamwambia kura yake ni ya daraja la pili.

Afu ngoja nikupe mfano kutoka kwa Watamil haohao. Sheria zile za uraia za Ceylon zilipokuja, kiongozi mkubwa wa Watamil wa Jaffna alikuwa Ponnambalam, akaingia serikalini na kuikubalia ile ya pili iliyofuata, maana wakubwa wengi wa Jaffna waliwaona wale wa mashambani ni watu wa kuja, makabwela wa tabaka la chini, sio Watamil hasa. Chelvanayakam, mwenzake kwenye chama, akakataa, akajitoa, na 1949 akaanzisha chama chake cha Federal. Alisema leo wao, kesho sisi. Kweli, 1956 ikaja sheria ya Kisinhala pekee, na kina Jaffna waliojiona wenye nyumba wakakuta nao wamo foleni. Seeman anamsifu Chelvanayakam kwenye hotuba lakini njia anayopita ni ya Ponnambalam.

Kobe wa Pangani

Mfano mzuri, nimeupenda, ila umeugeuza kichwa chini. Ceylon waliotunga sheria walikuwa wengi wenye dola, jeshi na bunge. Seeman ana nini? Hana mbunge, hana diwani wa kutisha, hata alama ya chama, mkulima na miwa yake, Tume ya Uchaguzi ikampa mwingine aliewahi kuomba, akaenda uchaguzi wa 2024 na alama ya maiki. Maneno ya mtu asie na dola huwezi kuyapima kwa mizani ya sheria ya bunge. Yeye anaongea lugha ya mtu aliyeminywa.

Kuhusu Waarunthathiyar sina cha kumtetea, pale alikosea na angeomba radhi yaishe. Na kwa Waislamu wa Jaffna, Fundi, sina jibu.

Fundi AC Muscat

Kobe, Ponnambalam nae alianza hana dola. Maneno ndo hutangulia, ofisi hufata. Jumamosi nipo zamu moja na yule mzee wa Batticaloa, nikipata nafasi nitamuuliza kuhusu hiyo ya 1949, mke wake ni wa mashamba ya chai, atakuwa na la kusema.