Jahazi la mfano: tanga lipandishwe au lishushwe?

Kijahazi60

Wakuu, salaam. Ninaunda jahazi la mfano kwa kipimo cha 1 kwa 25. Chombo ninachokiiga kina urefu wa mita 15, kwa hiyo changu ni sentimita 60 kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Mkuku (uti wa chini), mataruma (mbavu za ndani) na mbao za ubavuni tayari. Macho ya omo nimeyachonga, mwezi na nyota ndani ya duara.

Nimekwama kwenye tanga. Nataka lijae upepo, maana jahazi bila tanga kwangu ni nyumba bila paa. Nimekata la shuka ya pamba, linaning'inia tu, halitaki kutuna. Nililoweshe gundi? Na kamba ziwe nene kiasi gani? Mwishowe nitalitia kwenye sanduku la kioo lenye fremu na sakafu ya mwaloni, ubao huo ninao.

MzeeWaMagadi

Kijana, hongera kwa macho. Wengi huyapaka rangi tu, yanabaki bapa.

Kuhusu tanga sizunguki: lishushe. Piga hesabu. Turubai la chomboni tuseme lina unene wa milimita 1. Gawa kwa 25, unapata 0.04. Karatasi ya kuchapia ina kama 0.1, yaani hata hiyo imezidi mara mbili na nusu, na shuka yako ni nene kuliko karatasi. Wewe umelipunguza jahazi lakini ugumu wa kitambaa haukupungua, ndiyo maana hakitaki kutuna. Ukikilowesha gundi kitasimama, sawa, ila mtazamaji atakuwa anatazama gundi.

Halafu ukishalijaza upepo umejifunga. Upepo unatoka wapi? Nimeona majahazi ya mapambo yenye tanga lililojaa upepo wa nyuma huku bendera ya mlingotini ikipepea kuelekea tezi. Pepo mbili kwenye chombo kimoja! Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, nayo inatakiwa iwe upande wa demani, yaani upande unakoelekea upepo, si upande unakotoka. Na jahazi linalokwenda mbio bila mtu kwenye usukani linaendeshwa na nani, majini? Itabidi uchonge mabaharia. Mtu wa mita 1.7 kwako ni milimita 68, mikono na uso vyote vionekane. (Hata usipochonga, kata mtu wa karatasi wa urefu huo umsimamishe sitahani. Atakuonyesha upesi kama ukingo wa chombo umezidi kimo.)

Mimi ningelipweleza. Maji yametoka, jahazi limekaa mchangani kwa mkuku wake, magadi, yaani miti ya kuegemeza, yamelishika pande zote mbili, linasubiri kukwanguliwa na kupakwa deheni. Hapo kila kitu kina sababu ya kutulia, na umbo la chini, ambalo ndilo kazi yako kubwa, linaonekana lote. Ile sehemu ya deheni usiipake nyeupe inayong'aa. Deheni ni mafuta na chokaa, hufifia, huwa na mabaka.

Foromali ishushe ilale juu ya sitaha, tanga limeviringwa na kufungwa humo. Siri iko hapa: usiviringe kitambaa chote. Tumia theluthi moja tu ya kina cha tanga, la sivyo utapata furushi nene ambalo halijawahi kuonekana baharini. Vifungo viwe vya uzi mwembamba kabisa. Kwenye chombo chenyewe huwa vyepesi makusudi: foromali hupandishwa tanga likiwa bado limefungwa, kisha demani, kamba ya kuvutia tanga, ikivutwa vinakatika na tanga linafunguka. Foromali yenyewe usiitengeneze kwa kijiti kimoja kilichonyooka. Unganisha vipande viwili au vitatu kwa kamba, maunganisho yaonekane.

Kamba: henza (ya kupandishia foromali) ya milimita 40 kwako ni 1.6, demani ya 25 ni 1. Pitisha kila uzi kwenye nta ya nyuki kabla ya kufunga, vinyweleo vilale. Rangi iwe ya kumbi la nazi, nyuzi nyeupe kabisa zinafichua kila kitu. Na mlingoti uinamie omo. Ukiusimamisha wima hilo si jahazi tena.

NyuziNaNta

Naomba kumpinga mzee kidogo. Tanga la kupandishwa linawezekana kama utaacha kitambaa. Chukua ile karatasi laini inayopitisha mwanga, ya kufungia zawadi, ipake rangi ya maji iliyozimuliwa sana, uikaushe juu ya puto. Inatoka na tumbo zuri, na mishono unaichora kwa penseli. Kwenye habari ya bendera nampa mzee haki yake.

MzeeWaMagadi

Karatasi nakubali. Ila foromali ikiwa juu sanduku litakuwa refu la kutisha, na anayelifuta vumbi kila wiki si wewe peke yako nyumbani.

KiooTu

Mmejadili tanga mkasahau sanduku. Mwaloni usiutumie. Ubao huo hutoa mvuke wa asidi, plaiwudi nyingi pia, na ndani ya sanduku lililofungwa mvuke hauna pa kwenda. Vitu vya madini ya risasi hubadilika polepole kuwa unga mweupe. Kijahazi60, nanga yako umeitengeneza kwa nini? Wengi huichonga kutoka kwenye risasi za kuvulia.

Silikoni ya kugandishia vioo, ikiwa inanuka siki, hiyo nayo ni asidi ileile. Tafuta isiyo na harufu hiyo au tumia fremu ya aluminiamu. Rangi za sakafu ya sanduku ziache zikauke kwa wiki kadhaa kabla ya kufunga. Toboa matundu madogo upande wa chini nyuma, uyazibe kwa kitambaa chembamba ili vumbi lisipite. Taa iwe nje, na jua lisilipige: tanga na kamba ndivyo vinavyopauka kwanza.

Kijahazi60

Nanga ni ya risasi, ndiyo! Basi mwaloni utakuwa rafu ya vitabu. Na nimeshawishika: litapwelewa. Mzee, magadi mangapi, na niyagandishe kwenye ubavu?

MzeeWaMagadi

Matatu kila upande yanatosha. Ya omo na tezi yatakuwa marefu kuliko ya katikati, kwa sababu ubavu unapanda huko. Usiyatie gundi juu, yaegemee tu, na chini yachomeke kwenye sakafu. Kinacholishika hasa ni skrubu mbili zinazopanda kutoka chini hadi ndani ya mkuku. Toboa matundu yake sasa, kabla hujasimamisha mlingoti, maana baadaye hutaweza kulilaza kifudifudi.