Harusi Barbados mwezi wa pili: wageni walale wapi, wapitie njia ipi?

Mwambao_Tanga

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Mtoto wa dada yangu anaolewa mwezi wa pili. Yeye anaishi Leicester, mchumba wake ni mwenyeji wa Barbados, na wameafikiana sherehe ifanyike kwao mume, ufukweni, parishi (kama wilaya) ya Saint James upande wa magharibi wa kisiwa. Sisi wa upande wa bibi harusi tumetawanyika: wengine Tanga na Mombasa, wengine Uingereza, familia moja iko Toronto. Kikao cha ukoo kimenikabidhi mimi safari ya watu wa nyumbani, akiwemo mama yangu wa miaka 74, anayetembelea mkongojo lakini ameapa harusi ya mjukuu wake haimpiti.

Malazi yaliyo mezani ni ya aina tatu. Kuna hoteli ileile ya harusi, bei jumuishi, chakula na vinywaji vyote ndani; hiyo ndiyo ghali kuliko zote. Kuna kupanga nyumba nzima karibu na Holetown au Speightstown, tulale pamoja na tujipikie. Na kuna vyumba vya kawaida pwani ya kusini, Hastings au Worthing, halafu siku ya harusi tukodi gari.

Njia nazo tumepewa London, New York na Frankfurt. Bei zimepishana kidogo tu na kila wakala anasifia yake. Mliowahi kufika, au mnaoshughulika na mambo haya, nisaidieni. Nataka mama afike salama na asichoke kupita kiasi.

TiketiNairobi

Dada, habari ya hoteli iweke pembeni kwanza. Anza na pasipoti za watu wako, kwa sababu nauli zinazolingana leo hazitalingana tena ukishajumlisha viza.

Barbados yenyewe haina shida. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayekwenda kutembea haombi viza. Awe na tiketi ya kurudi na anwani ya mahali atakapolala. Kikwazo kiko njiani.

Marekani hakuna kupita uwanjani bila viza. Hata kama mtu anashuka ndege hii na kupanda ile baada ya muda mfupi, lazima apite uhamiaji, na lazima awe na viza yao, ya kupitia au ya kutembelea. Kenya Airways inaruka moja kwa moja Nairobi hadi New York tangu 2018, na kwa mwenye viza tayari ni njia nzuri. Lakini kumpeleka bibi wa miaka 74 kwenye mahojiano ya ubalozi kwa ajili ya kubadilisha ndege tu, mimi sikubali.

London ina mtego wake. Wakenya, Watanzania na Waganda wanatakiwa kuwa na viza ya kupitia uwanjani hata kama hawatoki nje ya Heathrow. Wapo wanaosamehewa, kwa mfano mwenye viza halali ya Marekani au Kanada. Na soma vizuri jina la uwanja kwenye tiketi: ndege za Barbados huondokea Gatwick pia. Ukishuka Heathrow na kuondokea Gatwick umeshaingia Uingereza, na viza inayotakiwa hapo ni nyingine kabisa.

Frankfurt, kwa pasipoti ya Kenya na Tanzania, mtu akibaki ndani ya eneo la kimataifa haombi viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya. (Kama kuna ndugu mwenye pasipoti ya Kongo Kinshasa, yeye anaihitaji hata kwa kupita tu.) Masharti ni kwamba tiketi iwe moja kutoka mwanzo hadi Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, mizigo ipitilize, na ratiba isiwalazimishe kulala mjini. Usiku uwanja ule haurushi ndege kuanzia saa tano hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo mkifika jioni mkaikosa ndege ya pili, mtalala kwenye viti. Ndege za moja kwa moja kutoka Frankfurt hadi Barbados huwapo miezi ya baridi ya Ulaya, si kila siku, na Februari imo humo.

Mama mpitishe Frankfurt. Vijana wenye viza zao wachague wenyewe.

Baharia_Kisauni

Nimefanya kazi kwenye meli za kitalii, na Bridgetown ni bandari niliyoizoea. Ya viza amemaliza mwenzangu. Nizungumzie pwani.

Kisiwa ni kidogo, urefu kama kilomita 34 na upana 23, lakini pande zake hazifanani hata kidogo. Magharibi, huko kwenye harusi, bahari imetulia na maji anaingia mtoto na mzee. Kusini kuna upepo, mawimbi ya kiasi, watu wengi na vyakula vya barabarani. Mashariki, Bathsheba, ndiyo Atlantiki yenyewe inayogonga miamba: pelekeni macho, msiogelee.

Kuna jambo wenye hoteli za kusini hawakuandikii. Tangu 2011 mwani wa kahawia unaelea kutoka Atlantiki na kujaa fukwe za Karibiani, na ukioza unanuka vibaya. Barbados unapiga zaidi mashariki na kusini, magharibi unapona mara nyingi. Huzidi kuanzia Machi hivi hadi Agosti, kwa hiyo Februari mna nafuu, ila kabla ya kulipa ombeni picha za ufukwe za wiki hiyohiyo.

Pamoja na hayo, mimi ni mtu wa kusini. Ukikaa Hastings, kuna njia ya mbao kando ya bahari hadi Rockley, tambarare, haina ngazi, na jioni mama atatembea na mkongojo wake akipunga upepo. Ufukwe wa hapo wenyeji wanauita Accra. Duka liko karibu, famasi iko karibu, mabasi yanapita mbele ya mlango. Basi lolote, liwe la serikali la buluu, la njano la binafsi au kile kigari cheupe cha ZR ambacho ndicho daladala yao, nauli ni dola 3.50 za Barbados. La serikali halirudishi chenji, mtu awe na hela kamili. Vituo vimeandikwa tu kama basi linaingia mjini au linatoka mjini, hivyo kupotea ni vigumu.

Ijumaa usiku nendeni Oistins, mji wa wavuvi hukohuko kusini, mkale samaki wa kuchoma. Tena fukwe zote za kisiwa ni za umma, hata iliyo mbele ya hoteli kubwa. Hakuna mlinzi wa kumfukuza mtu mchangani.

Mkunga_Leicester

Baharia amesema kweli kuhusu kusini kwa mtu mwenye miguu mizima. Mimi nimealikwa harusi kulekule Saint James, na kwa mama wa miaka 74 nasimama upande mwingine.

Mchangani hafukuzwi mtu, lakini harusi haiishii mchangani. Chakula, choo, kiti cha kivulini na lifti viko ndani ya hoteli. Hoteli nyingi za bei jumuishi hutoza mgeni asiyelala hapo malipo ya siku, hata akiwa mama mzazi wa mwenye sherehe. Kabla ya kuamua, bibi harusi aulize kwa maandishi: wageni wa nje wanalipa kiasi gani, na kinajumuisha nini? Mkiwa watu wengi, jumla ya malipo hayo na gari la kwenda na kurudi inaweza kumeza ile nafuu yote ya kusini.

Halafu gari. Teksi za kule hazina mita, bei zimepangwa kwa umbali, na namba za gari huanza na Z. Kutoka Hastings hadi Holetown mnapita pembezoni mwa Bridgetown, na jioni kuna foleni ya haja. Harusi za ufukweni huwekwa kama saa kumi, kwa sababu jua linatua karibu saa kumi na mbili na wapiga picha wanalitaka. Mkichelewa, jua haliwangojei.

Ningegawanya watu. Mama na mtu mmoja wa kumwangalia walale hoteli ya harusi siku ya kuamkia sherehe na usiku wa sherehe yenyewe, chumba cha chini, karibu na ukumbi. Siku zilizobaki akae na wengine kokote mtakakopanga. Sijui kwa nini watu hudhani lazima ukoo wote ulale mahali pamoja tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Nyumba ya kupanga ni raha ya familia, nakubali, ila nyingi za upande ule ziko mlimani kidogo, juu ya barabara ya pwani, na zina ngazi. Ombeni picha ya njia ya kutoka barabarani hadi mlangoni. Picha za sebule na bwawa hazitoshi.

Mwambao_Tanga

Asanteni sana, mmenifumbua macho. Hilo la kumlaza mama hotelini siku mbili tu sikuwa nimeliwaza.

Sasa naulizia chakula. Sisi ni Waislamu, na mama halali na njaa wala hali asichokijua. Na pesa: tubebe dola za Marekani au tutegemee kadi?

ScarboroughBoy

Shikamoo shangazi. Mimi nipo Toronto na mke wangu ana asili ya Barbados, kisiwa tunakijua.

Chakula msihofu. Bridgetown kuna misikiti, na ipo jamii ya Waislamu wenye asili ya Gujarat walioanza kufika karne iliyopita. Nyama ya halali inapatikana, roti zipo, na samaki ndiye mwenye meza. Chakula chao cha taifa ni samaki anayeruka pamoja na cou-cou, unga wa mahindi uliosongwa na bamia. Bibi akionja ataona ni ugali wa kwao uliochumbiana na mlenda. Hotelini waambieni mapema ili jikoni watenge vyombo, maana nguruwe na ramu viko kila mahali. Maji ya bomba ni salama kunywa.

Dola moja ya Marekani ni dola mbili za Barbados, imekuwa hivyo tangu 1975. Za Marekani wanapokea karibu kote, chenji mtapewa ya kwao. Kabla ya kupanda teksi au kununua kitu ulizeni bei ni ya dola ipi. Kadi zinafanya kazi hotelini na madukani; kwenye basi na Oistins muwe na taslimu.

Ndugu wa Toronto waambie wasihangaike, Air Canada na WestJet wote wanakwenda moja kwa moja. Lakini wa Tanga msimpitishe mtu Kanada bila viza. Ya kupitia haina ada, ila ni lazima iombwe.

Mengine ya haraka. Mtoto asivae nguo za rangi za kijeshi, ni kosa la kisheria pale kwa yeyote asiye askari, hata kofia. Umeme ni volti 115 na soketi ni za pini mbili bapa, hivyo pasi na mashine za nywele za nyumbani hazitapata moto wa kutosha, azimeni hotelini. Maembe na nyama kavu viacheni, forodha watavichukua. Leso za kumtunza bibi harusi leteni nyingi, wakwe watazipenda.

Baharia_Kisauni

Mkunga, hilo la kumgawa mama siku mbili nalikubali bila ubishi. Wengine wote bado nawaweka kusini.

Niongeze usalama wa ufukweni. Magharibi kuna mti unaitwa manchineel, una tunda dogo la kijani mfano wa tufaha. Ni sumu. Utomvu wake unababua ngozi, na mvua ikinyesha usijikinge chini yake, maji yanayodondoka kwenye majani yanaunguza. Mingi imepakwa mstari mwekundu kwenye shina au ina kibao. Watoto waonyesheni siku ya kwanza.

Anayetaka kuendesha gari, wanaendesha kushoto kama kwetu, na kampuni ya magari inamkatia kibali cha mgeni kwa leseni yake ya nyumbani.

Mwambao_Tanga

Basi nimeshapata mwelekeo: mama na mimi Frankfurt kwa tiketi moja, usiku mbili hoteli ya harusi, siku nyingine Hastings na wenzetu. Wa Uingereza watajipanga wenyewe. Tiketi nataka kulipa Jumatatu. Kuna kitu cha kufanya kabla ya hapo?

TiketiNairobi

Fomu ya uhamiaji na forodha inajazwa mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya kufika, kwenye tovuti ya serikali ya Barbados. Hiyo bado.

Cha sasa ni kadi ya njano. Barbados inadai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya imo. Nanyi wa Tanga mkipitia Nairobi au Addis Ababa na kukaa muda mrefu mnaweza kuulizwa. Chanjo inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 cheti ni cha maisha.

Mkunga_Leicester

Hapo naomba uniamini, dada. Kama mama hajawahi kuchanjwa homa ya manjano, usimpeleke tu kliniki akachomwe. Kwa aliyevuka miaka 60 na anachanjwa kwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makubwa ni zaidi kuliko kwa kijana. Daktari ampime, aangalie dawa anazotumia na historia yake, aamue. Akiona asichanjwe, anamwandikia barua ya msamaha wa kitabibu, yenye muhuri na sahihi, na hiyo barua muitume kwa shirika la ndege na muulize uhamiaji wa Barbados kama wanaipokea. Pasipo jibu lao, Jumatatu usilipe. Na kama ana kadi ya zamani kabatini, hata ikiwa imeandikwa imekwisha baada ya miaka 10, itafuteni, bado ni halali.