Mrejesho: gari la rimoti la kupanda mawe halibinuki tena

Wakuu, niliuliza kwa nini gari langu la rimoti linabinuka kinyumenyume kwenye mawe yenye mwinuko mkali. Nimefuata ushauri wenu. Risasi za kubalansi matairi (vile vipande vidogo vizito vya kubandika kwenye rimu), nilizopata gereji hapa Moshi, nimezibandika ndani ya rimu za mbele. Uzito umekaa chini, ekseli ya mbele inang'ang'ania jiwe. Hili peke yake limesaidia kuliko mengine yote! Springi nimeweka laini, bodi imeshuka kidogo, na tairi linaning'inia kufuata shimo badala ya kubaki hewani. Difu zote mbili, yaani gia zinazoruhusu tairi la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti, nimezifunga ili matairi yazunguke pamoja. Kwenye mawe ya Mto Karanga linapanda taratibu kabisa. Imebaki mota ya usukani, inazidiwa na uzito gari likiwa limesimama. Natafuta yenye nguvu zaidi. Asanteni sana.