Kuoanisha saa za kompyuta kuu mbili za Dodoma na ile ya akiba ya Dar es Salaam

Mhandisi_Nzuguni:
Ndugu wataalamu, habari za kazi. Katika taasisi yetu hapa Dodoma tuna kompyuta kuu (mainframe) mbili za IBM Z katika chumba kimoja, na ya tatu, ya akiba, iko Dar es Salaam. Kila moja inachukua muda kutoka seva yake ya NTP, yaani itifaki ya kusambaza muda kupitia mtandao. Tunapolinganisha logi (kumbukumbu za matukio) za hizi mbili za hapa, mara kwa mara tunakuta jibu la muamala limeandikwa milisekunde kadhaa kabla ya ombi lenyewe, na wakaguzi wanatuuliza maswali magumu. Sasa tunatakiwa kuziunganisha zitumie hifadhidata moja. Je, inatosha kuzielekeza zote tatu kwenye seva moja ya NTP?

Opereta_Makole:
Ndugu Mhandisi, haitoshi. NTP peke yake huishikilia saa ya kompyuta kuu ndani ya takribani milisekunde 100 za muda halisi, ilhali katika milisekunde moja tu mashine hizo hutekeleza mamilioni ya maagizo. Hifadhidata inayoandikwa na mashine mbili hurejeshwa baada ya hitilafu kwa kuunganisha logi zote mbili kwa mfuatano wa muda, na mfuatano huo ukivurugika, salio la mwananchi linaweza kurudishwa kwenye kiasi cha zamani bila mtu kugundua. Kwanza saa zenu zilingane zenyewe kwa zenyewe. Kulingana na dunia kutafuata.

Kuanzia mwaka 1990 kazi hiyo ilifanywa na kifaa cha pembeni, Sysplex Timer 9037. Tangu 2007 ipo Server Time Protocol, ambayo imo ndani ya mashine zenyewe na hupitisha ujumbe wake kwenye fiba zilezile zinazoziunganisha. Kati ya hizo mbili za Dodoma, iteueni moja, tuiite A, kuwa seva kuu ya muda na nyingine, B, kuwa ya akiba. A itasikiliza NTP, na B itaifuata A kwa kupima muda wa ujumbe kwenda na kurudi.

Tena, msitarajie saa irushwe mbele au irudishwe nyuma. Saa hiyo huhesabu tangu tarehe 1 Januari 1900, na programu hutegemea kwamba kila inaposomwa itatoa namba kubwa kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo mwendo wake huongezwa au kupunguzwa kidogo kidogo, kiasi kwamba kurekebisha sekunde moja huchukua kama saa 7. Mkiona tofauti inapungua polepole namna hiyo, iacheni iendelee.

Fiba_Kisasa:
Naomba niongezee kuhusu Dar es Salaam. Mtandao mmoja wa muda, yaani kundi la mashine zinazofuata saa moja, unaruhusiwa kufika kilomita 100, au 200 kwa vifaa vilivyoidhinishwa. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya 400. Isitoshe, hesabu ya kwenda na kurudi huchukulia kwamba njia zote mbili zina urefu sawa. Mwanga hutumia takribani mikrosekunde 5 kwa kila kilomita ya fiba, hivyo njia ya kurudi ikizungushwa kupitia mkoa mwingine, saa itakosea kwa nusu ya tofauti hiyo. Iacheni mashine ya Dar iwe na mtandao wake. Ikiwa nakala zenu hutumwa kwa XRC, mfumo wa IBM wa kunakili data hadi kituo cha mbali, kila badiliko husafiri na mhuri wa muda uliopigwa Dodoma, na hupangwa kwa mhuri huohuo.

Mhandisi_Nzuguni:
Nawashukuru sana. Kwa kuwa mashine za hapa ni mbili tu na hakuna ya tatu ya kuwa msuluhishi, itakuwaje fiba kati yake zikikatika?

Opereta_Makole:
B haitajitwalia cheo kwa sababu tu imeacha kuisikia A, kwani A inaweza kuwa hai bado, na seva mbili za muda zikitawala kwa wakati mmoja ndipo data huharibika. Itachukua nafasi pale tu A inapotuma ishara kwamba inazimika, au konsoli, kompyuta inayosimamia mashine hizo, inapothibitisha kuwa A imezimika kweli. Pitisheni basi fiba zisizopungua mbili katika njia tofauti, na konsoli iwe kwenye umeme wa akiba pamoja na swichi zake. Umeme ukikatika na konsoli ikazimika, hakutakuwa na wa kuithibitishia B.