Cheikh Anta Diop na Misri ya mafarao: tuifundishe kama historia au kama hoja?

Mtarimbo: Wakuu, swali ni hili. Cheikh Anta Diop wa Senegal alishikilia kwamba Wamisri wa kale walikuwa Waafrika weusi, na kwamba Misri kwetu ni kama Ugiriki na Roma kwa Ulaya. Wapo wanaotaka jambo hilo liingie kwenye vitabu vya sekondari kama historia iliyokwisha kuthibitishwa. Wengine wanataka liingie kama hoja, ushahidi wake upimwe mbele ya wanafunzi. Mimi niko na hawa wa pili. Ombi langu moja: mtu asije na "Wazungu walimpinga" akadhani amemaliza. Diop alizaliwa Thieytou tarehe 29 Desemba 1923, akaenda Paris 1946 kwa hisabati, akaishia kwenye falsafa, fizikia, kemia na historia. Mtu wa maabara hajibiwi kwa hisia, na hatetewi kwa hisia pia.

Kengewa: Mkuu, huko kupingwa usikuruke. Tasnifu yake ya kwanza ilikataliwa, akaichapisha kama kitabu, *Nations nègres et culture*, mwaka 1954. Alipotetea udaktari Januari 1960 akapewa daraja la "honorable" ("ya heshima") tupu, bila "très" ("sana") mbele yake. Kineno hicho kimoja kilikuwa kufuli, maana kwa mfumo wa Kifaransa wa wakati ule bila "très" mlango wa kufundisha chuo kikuu haukufunguka. Chuo Kikuu cha Dakar kikakaa na mtu wa aina ile asiyeingia darasani hadi 1981. Akafariki tarehe 7 Februari 1986, na mwaka uliofuata chuo kikuu hichohicho kikabatizwa jina lake.

Mama Tumbatu: Kengewa, "ilikataliwa" ni neno linalotumiwa ovyo. Haikusomwa ikafelishwa, halikupatikana jopo la kuisikiliza. Pengine ni dhuluma kubwa zaidi, lakini ni jambo lingine, na kitabu cha shule kikiandika la kwanza kitakuwa kimekosea. Pili, usibebeshe Paris mzigo wote. Diop alikuwa mpinzani wa wazi wa Senghor, rais wa Senegal: alianzisha chama 1961, akawekwa ndani 1962, akaanzisha kingine, na bado 1976 akaja na chama cha RND. Kufuli la Dakar lilikuwa na funguo Dakar.

Fundi Maabara: Tuje kwenye kipimo cha melanini, ile chembe inayoipa ngozi weusi wake, maana kinatajwa sana na wachache wanajua kilifanywaje.

Diop alipata vipande vya ngozi ya mumia (maiti iliyokaushwa ya Misri ya kale) kutoka jumba la makumbusho la Musée de l'Homme, Paris, vilivyotokana na machimbo ya Mariette, mwanaakiolojia Mfaransa. Milimita chache za mraba zinatosha. Kipande kinawekwa kwenye kimiminika cha ethili benzoati ili kipitishe mwanga, kinaingia chini ya hadubini, kwa mwanga wa kawaida au wa urujuanimno, kisha unatafuta chembe za melanini. Alichoona, kwa maelezo yake, ni kiasi kisichopatikana kwa watu weupe.

Sasa angalia mwili ule umepitia nini. Ulifukiwa kwenye magadi makavu, ndugu wa haya tunayolainishia maharage na kisamvu, kwa siku kama 35 hadi 40 kati ya zile 70 za matayarisho. Magadi ni alkali. Ngozi ya juu kabisa inaachia na kuchubuka, na melanini nyingi imekaa humohumo. Diop alilijua hilo, ndiyo maana alitazama pale ngozi ya juu inapokutana na ya ndani. Lakini kuna la pili: utomvu waliopaka. Ukizeeka unageuka mweusi, unapenya ndani, na chini ya urujuanimno nao unang'aa. Kutofautisha chembe ya melanini na tone la utomvu si kazi ya kukisia kwa macho.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Hapakuwa na safu ya kulinganishia. Ulihitaji ngozi za watu wa rangi inayojulikana, zikaushwe kwa magadi na kupakwa utomvu uleule, kisha mhesabuji ahesabu bila kuambiwa ipi ni ipi. Bila hiyo, unapima kitambaa kwa kamba isiyo na alama.

Kengewa: Na nani alimnyima hiyo safu? Aliandika mwenyewe kwamba kwa miaka miwili aliiomba Jumba la Makumbusho la Kairo milimita hizohizo chache, akaambulia patupu. Humlaumu mpishi kwa wali mbichi wakati umemnyima kuni.

Fundi Maabara: Simlaumu mpishi. Nasema wali ni mbichi.

Mkufunzi wa Isimu: Lugha ndiyo nguzo yake ya pili. Alilinganisha Kimisri cha kale na Kiwolof, orodha ndefu za maneno, na 1977 akazitolea kitabu kizima. Tatizo haliko kwenye wingi wa maneno. Neno "bad" lina maana ya "baya" kwa Kiajemi na kwa Kiingereza pia, na hakuna undugu wowote kati ya maneno hayo mawili. Maneno kufanana ni rahisi kuliko mnavyodhani.

Undugu unathibitishwa na mpangilio wa sauti unaojirudia. Chukueni Kiswahili na Kikuyu: *mtu* ni *mũndũ*, *kitu* ni *kĩndũ*. Pale penye *t* yetu, wao wana *nd*. Halafu *mti* kwao ni *mũtĩ*, *t* imebaki *t*. Mtu wa haraka atasema kanuni imevunjika. Ongeza Kizulu: *umuntu*, *into*, lakini *umuthi*. Mambo yanafunguka. Asili yake ni sauti mbili, *nt* na *t*. Kiswahili kiliziunganisha, Kikuyu na Kizulu vikazitenganisha. Kanuni kama hiyo inakuruhusu kutabiri neno ambalo hujawahi kulisikia. Orodha za Diop zina mifanano mingi, ila hazikufikia kiwango hicho cha kutabirika.

Uainishaji wa kawaida unakiweka Kimisri pamoja na Kisemiti, Kiberiberi, Kihausa na wenzake wa Kichadi, na lugha za Kikushi. Kwa hiyo kwa Afrika Mashariki ndugu wa lugha ya mafarao ni Msomali, Mworomo, na Mwiraqw wa Mbulu. Kiwolof kimo kwenye familia yetu sisi Wabantu, kwa mbali. Inachekesha kidogo: hoja ya lugha iliyo imara zaidi kuhusu Uafrika wa Misri iko Manyara, na watu wanaikimbilia Dakar.

Kengewa: Mwalimu, mbona Kairo hamkusema hivyo? Kongamano la UNESCO, 28 Januari hadi 3 Februari 1974, wataalamu wapatao 20. Ripoti yenyewe inasema kwenye lugha palikuwa na maelewano makubwa, na mada za Diop na mwenzake Obenga wa Kongo zikasifiwa kuwa za kujenga. Ikaongeza kwamba maandalizi yao hayakulingana na ya wenzao. Waliokuja kumpinga walikuja mikono mitupu!

Mkufunzi wa Isimu: Walikuja mikono mitupu, nakubali, na ilikuwa aibu yao. Ila kukubali kwamba njia ina tija si kukubali kwamba undugu umepatikana. Na tukiwa hapohapo, lile neno *kmt*, jina ambalo Wamisri wa kale waliiita nchi yao. *Km* ni "eusi", halina ubishi. Lakini tazama alama inayofunga neno katika maandishi ya kawaida: duara lenye njia panda ndani yake. Hiyo ni alama ya mji, ya mahali penye makazi. Na mwenzake ni *dšrt*, "nyekundu", yaani jangwa. Udongo wa mafuriko dhidi ya mchanga. Diop alilisoma kuwa jina la watu; alama ile inasema mahali.

Mama Tumbatu: Na wa vinasaba msianze kushangilia. Utafiti wa 2017 wa Abusir el-Meleq ulionyesha ukaribu na watu wa Mashariki ya Karibu, magazeti yakapiga kelele kwamba Diop kazikwa. Kumbe ni eneo moja, Misri ya kati. Mfuatano kamili wa mitokondria (vinasaba vinavyorithiwa kwa mama tu) ulipatikana kwa watu 90, vinasaba vya kiini (vya baba na mama) kwa 3 tu. Kusini, Luxor hadi Aswan, hakumo kabisa. 2025 ukaja utafiti wa Nuwayrat, hukohuko Misri: mtu mmoja, alizikwa ndani ya chungu kikubwa, zama za mwanzo za piramidi. Asili yake, kama asilimia 80 Afrika Kaskazini na 20 upande wa Mesopotamia. Utabiri wa rangi ya ngozi ukaelekea weusi. Kwa hiyo Mwafrika wa kaskazini, mweusi wa ngozi, na sehemu ya tano ya asili yake imetoka Asia. Mpeni kila upande achukue kipande anachotaka! Mtu mmoja si taifa.

Mtarimbo: Kuna Herodotus pia, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, kitabu cha pili, sura ya 104. Kila mtu ananukuu kwamba aliwaita Wamisri weusi wa ngozi na wenye nywele za kipilipili, alipokuwa akidai kwamba Wakolki wa Bahari Nyeusi wana asili ya Misri. Sentensi inayofuata haisomwi: anasema hilo peke yake halithibitishi kitu, kwa kuwa wapo wengine walio hivyo, kisha anageukia tohara. Mwanafunzi apewe sentensi zote mbili.

Fundi Maabara: Kabla uzi haujafungwa, maabara yake ya kaboni 14, ya kupima umri wa vitu vya kale, pale IFAN, taasisi ya utafiti ya Dakar, mbona haitajwi? Aliijenga miaka ya 1960 akiungwa mkono na mwanasayansi Mfaransa Théodore Monod na watu wa Saclay, kituo cha utafiti wa nyuklia cha Ufaransa. Kazi ile ni ya subira. Mkaa unaoshwa kwa asidi, kisha alkali, kisha asidi tena, uondoe chokaa na mabaki ya udongo, na mizizi midogo unaichomoa kwa koleo. Ukizembea, asilimia 1 tu ya kaboni mpya kwenye sampuli ya miaka 17,000 inakupunguzia kama miaka 600. Na wakati ule ulihitaji gramu nzima za kaboni, si miligramu za sasa. Tarehe zilizotoka pale, zenye alama ya Dak, zimo kwenye majedwali ya akiolojia ya Afrika Magharibi, na wasiokubaliana naye kuhusu Misri wanazitumia.

Kengewa: Hapo tumekutana. Lakini kipindi ni dakika 40, Mtarimbo. Magadi, *mũndũ*, duara la njia panda, Nuwayrat na Herodotus, vyote vitaingia wapi?

Mtarimbo: Kimoja tu. Ningeanza na magadi. Kila nyumba inayo.