Ana mimba, kandarasi haikuongezwa: atie sahihi?

Stewadi_Naivasha: Wakuu, mama mmoja wa pakihausi (banda la kufungashia) ya maua amefanya kandarasi nne mfululizo za miezi sita sita. Mwezi jana alimpa supavaiza barua ya kliniki kwamba ana mimba. Ijumaa wenzake kumi na mmoja wameongezewa kandarasi, yeye kaambiwa, "Jifungue kwanza, tutaona." Jumatatu anaitwa kuchukua malipo ya mwisho na kutia sahihi. Atie?

Sheria_Nakuru: Asome mpaka mstari wa chini kabisa. Hapo ndipo huandikwa kuwa amelipwa yote na hana dai jingine, na mstari huo umezika kesi nyingi mno. Siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakwenda na cheti cha utumishi ni haki yake, havimlazimu kuachilia dai lolote. Akibanwa, aandike juu ya sahihi: "Nimepokea kiasi hiki tu, madai mengine yabaki." Kisha apige picha.

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya mimba, na mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Lakini asibweteke. Watajitetea kwamba kandarasi ya muda huisha yenyewe, na utetezi huo una nguvu. Lazima ionekane walijua ana mimba kabla ya kuamua, na kwamba wenzake wa kazi ileile walibakishwa. Ana nakala ya barua iliyogongwa muhuri?

Stewadi_Naivasha: Hana. Ila supavaiza alimjibu kwa WhatsApp: "Barua nimeona."

Leba_Kisumu: Ujumbe huo ndio mhimili wa kesi. Asiufute, na simu asiiuze. Skrinishoti tupu hupingwa. Iambatane na cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Leo hii amwandikie mwajiri kuuliza kwa nini hakuongezewa, ataje tarehe ya barua ya kliniki, na nakala ya barua hii mpya igongwe muhuri.

Kulalamika kwa afisa wa leba (afisa wa kazi wa serikali) ana miezi 3, kushtaki mahakamani miaka 3. Vikao vya leba havisimamishi hesabu hiyo, na wengi huponzwa hapo. Kama mshahara hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, hakimu aliyegazetiwa (aliyetangazwa kwenye gazeti la serikali kusikiliza kesi za kazi) anaweza kuisikiliza.

Stewadi_Naivasha: Wale kumi na mmoja wanaogopa kutoa ushahidi.

Sheria_Nakuru: Wasisukumwe. Wakili aombe mahakama imwamuru mwajiri alete kandarasi zao. Sheria inamtaka azitunze.