Mchuzi mwekundu wa Kinigeria: namna ya kuondoa uchachu

Kutoka kwa mwanajumuiya, Leeds

Wanajumuiya wapendwa, habari za siku nyingi. Mume wangu ni Myoruba wa Ibadan, na kila nikimpikia wali mweupe na ule mchuzi wao mwekundu, hula kidogo akashukuru. Nami nikionja nausikia uchachu wa nyanya. Mwezi ujao mama mkwe anakuja kututembelea, hivyo naomba mwenye ujuzi anielekeze.

Jibu, London

Dada yangu, salaam. Uchachu huo naujua, kwa sababu nami niliupika mchuzi huu kama tunavyopika rosti kwetu: kitunguu kwanza, nyanya zikafuata, kisha maji. Jirani yangu wa hapa Peckham, mama wa Kiyoruba, ndiye aliyenionyesha kwamba wao huanza kwa kuyaondoa maji.

Msingi wa mchuzi ni hoho nyekundu, zile wanazoziita tatashe. Nyanya ni msaidizi tu. Mimi hutumia hoho 4, nyanya 3, kitunguu kikubwa 1 na pilipili mbuzi 2, ambayo kwao ni ata rodo. Nyanya mbichi za huku wakati wa baridi zina maji mengi na ladha haba, kwa hiyo chukua za kopo. Saga vyote kwenye blenda, umimine katika sufuria bila mafuta, na uache vichemke hadi ukipitisha mwiko kitako cha sufuria kionekane kwa kitambo kabla uji haujarudi.

Hapo ndipo unapopasha mafuta ya karanga, kikombe kizima cha chai (usiyaonee uchoyo, ya ziada utayachota mwishoni), ukakaanga kitunguu kilichokatwa, kisha ukamimina ule uji. Fungua dirisha kabla, kwani mvuke wa pilipili hukaba koo na moshi huamsha king'ora cha nyumba nzima. Kaanga kwa moto wa wastani dakika 25 hadi 30, ukisikiliza: mwanzoni hutokota kama uji, baadaye mlio hugeuka ukawa wa kukaangika, na mafuta mekundu huelea pembezoni. Siku moja nilitaka kutia supu mapema, jirani akanishika mkono. Alinionjesha kijiko cha wakati ule na kingine robo saa baadaye. Cha kwanza kilikuwa kichachu, cha pili kilikuwa na utamu wa hoho iliyoiva.

Baada ya hapo tia supu ya nyama iliyochemshwa kwa kitunguu, thaimu na chumvi, pamoja na nyama yenyewe ikiwa imekaangwa pembeni. Tumia unga wa kari wa Kinigeria, ambao ni mpole. Bizari yetu ya mchuzi ina jira nyingi na itakupeleka Unguja.

Mchele uwe ule mrefu uliochemshwa kiwandani kabla ya kukobolewa. Uchemshe dakika 10 hivi, umwage maji, uusuuze, kisha uurudishe motoni kwa maji machache. Mchele wa Kyela naupenda mno, lakini harufu yake hushindana na mchuzi huu, na tui halihitajiki kabisa. Wali ukibaki, upoze ndani ya saa 1, uweke kwenye friji na uule ndani ya saa 24, kwa sababu kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Mchuzi unaweza kuugandisha kwenye friza bila shida.

Jibu, Leeds

Ahsante sana, dada. Jana nimeukaanga nusu saa kamili, na mume wangu ameongeza sahani ya pili akaulizia dodo. Nilidhani anataka embe, kumbe ni mizuzu ya kukaanga. Je, nichague ya namna gani?

Jibu, London

Chagua yenye ganda la manjano lililoanza madoa meusi. Ya kijani haina utamu, na iliyokwisha kuwa nyeusi kabisa hunyonya mafuta.